Kiti Kisichokaliwa: Kutoka Mbuba hadi Nyabusozi

Kila anayeingia sebuleni kwangu siku hizi huuliza kwa nini kiti kizuri namna ile kimefungwa mguu kwa mpira wa baiskeli. Nimejibu kwenye mashine ya kusaga, nimejibu kisimani, nimejibu baada ya misa, na kila mara msikilizaji huondoka na nusu ya habari kisha akaongeza nusu yake. Juzi nimesikia kwamba huko Kaniha nilimpiga mgeni rasmi ngumi. Sikumpiga. Basi naandika, ili atakayetaka kunizulia tena azue akiwa na karatasi mkononi.

Mbuba: kiti na masharti yake

Mdogo wangu Deo ana bendi. Ina magitaa mawili, ngoma za kukalia, na inanga, kinubi chetu cha nyuzi nane, iliyochomekwa kwenye spika. Wanaiita Inanga ya Umeme. Wazee wa hapa Mbuba, wilayani Ngara, wanasema ni kelele zenye adabu.

Wazimu huu aliuleta fundi wa pampu za maji, Bwana Emrys, aliyekaa kwetu miaka miwili akifufua visima. Jina lilitushinda, tukamwita Bwana Maji. Alikuwa Mzungu, lakini ukimwita Mwingereza hakusemeshi tena mpaka kesho yake. Kwao ni Welisi, nchi ndogo ya milima na mvua, yenye lugha yake. Siku moja alinisimulia kwamba zamani mtoto wa kwao akisema Kiwelisi shuleni alivishwa kipande cha mbao shingoni. Nikacheka. Nikamwambia hata mimi nimekivaa, kwa kusema Kihangaza, pale pale kwenye shule ya chini ya kilima. Akaweka spana chini. Tangu siku hiyo aliniita "mwenzangu wa mbao".

Bwana Maji alikuwa na gitaa. Alimfundisha Deo nyimbo za vijana wa kwao ambao wamechukua tungo za malenga wa kale, wakazitia umeme. Deo akasema, kama wao wameweza, sisi tuna kilema gani? Akaanza kuchukua majigambo ya Kihangaza, yale ambayo wanaume husimama harusini wakajisifu wao, baba zao na ng'ombe zao, akayatia magitaa. Tulimcheka mwaka mzima. Mwaka wa pili tukajikuta tunayaimba shambani.

Bwana Maji alipoondoka alituachia vitu viwili. Cha kwanza ni kiitikio cha Kiwelisi, ambacho mdogo wetu wa mwisho, Sesilia, hukiimba kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni. Cha pili ni habari ya kiti. Kwao malenga hushindana, na kila mmoja huandika kwa jina la kujificha. Mshindi hutangazwa kwa jina hilo, na mwenye nalo husimama katikati ya watu, ndipo ajulikane. Halafu hukalishwa kwenye kiti kipya ambacho hakijawahi kukaliwa na mtu yeyote.

Deo hakulala mpaka alipokubaliana na vijana wa kigango kimoja cha Nyabusozi, wilaya ya Biharamulo. Sisi tulete kiti na bendi, wao watoe uwanja na chakula. Tungo ziwe kwa lugha yoyote ya nyumbani. Kiti kikachongwa hapa hapa, mti wa mninga, na mgongoni kikachorwa inanga.

"Nani atakilinda njiani?" akauliza Method, mpiga ngoma.

"Dada," akasema Deo. "Dada akishika kitu, hata yeye mwenyewe hawezi kujinyang'anya."

Ni kweli. Lakini kuna jambo Deo hakulijua, na nyinyi sasa mlijue kabla hatujaondoka.

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la tano. Deo ndiyo kwanza alikuwa ameanza la kwanza, na Sesilia alikuwa wa mgongoni. Niliacha shule. Walipokua wakaniuliza kwa nini, niliwaambia nilikimbia hesabu. Lilikuwa jibu jepesi, liliwachekesha, na halikumzuia yeyote kufungua daftari lake. Mpaka leo namba yoyote ikitajwa nyumbani, Deo husema, "Taratibu, Dada asije akakimbia." Nami hucheka nao.

Bahasha za washindani wa Mbuba nilibebeshwa mimi, kwenye kikapu changu. Kati yake nikatia ya kwangu. Jina la kujificha: Figa Moja. Ndani niliandika kwa Kihangaza kile ambacho sijawahi kukisema tukiwa tunakula. Kiti sikukitaka. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na mtu akijiambia jambo mara nyingi vile, mjue kuna namna.

Kwenye kizuizi: kiti au mbao

Tuliondoka asubuhi kwa pikapu ya Sospeter, dereva ambaye husali kabla ya kuwasha gari, na kwa gari lile hafanyi makosa. Vijana walikaa nyuma na vyombo. Mimi nilikaa nao, nimekumbatia kiti kilichofunikwa shuka. Vumbi lilituvaa mpaka tulipoipata lami ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, tukiwa wote rangi moja.

Kilometa chache mbele kulikuwa na kizuizi cha kukagua magogo, mbao na mkaa. Kijana mmoja mwenye kofia akaja, akafunua shuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hizi mbao zina kibali?"

"Si mbao. Ni kiti."

Akakigonga kwa kidole. "Huu mninga."

"Ulikuwa mninga. Sasa ni kiti."

"Basi kaeni mmoja wenu nione."

Nikamweleza habari yote: malenga, mshindi, Welisi. Alisikiliza kwa heshima, mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza mahubiri ya dhehebu lisilo lake.

"Kwa hiyo hakijakaliwa?"

"Hakijakaliwa."

"Na leo hakitakaliwa?"

"Hakitakaliwa."

"Basi, mama, kitu kisichokaliwa si kiti. Ni mbao zilizopangwa vizuri. Na mbao zinataka kibali."

Deo akaninong'oneza, "Dada, akae kidogo tu. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe kila kitu unajua, isipokuwa saba mara nane."

Tukashuka. Saa ya kwanza tulikula mahindi ya kuchoma kwa akina mama waliouza pale. Saa ya pili Method akasema muziki huwalainisha watu wa serikali, wakapiga wimbo wa Kihangaza. Kijana wa kofia alitikisa mguu lakini hakutikisa kizuizi. Mwenzake akatoka kibandani, akatutazama kwa shaka.

"Hiyo lugha! Ninyi ni wa ng'ambo ya mpaka?"

"Wahangaza wa Mbuba," akajibu Deo. Tumezoea.

Sesilia akaingiza kiitikio cha Kiwelisi. Yule mtu akakunja uso. "Na hiyo ni ya wapi? Kasulo hapo jirani?"

"Mbele kidogo ya hapo," akasema Method.

Jua lilipofika utosini nikaona tutalala pale na kiti chetu. Nikaenda kwa kijana wa kofia.

"Mwanangu, umeoa?"

"Mwezi wa nane, mama, Mungu akipenda."

"Kitanda umeshanunua?"

"Nimenunua. Cha mninga." Akajuta kulitaja.

"Kilipokuwa kinakuja kwako, kuna mtu aliyekilalia njiani ili kijulikane ni kitanda?"

Mama wa mahindi alicheka mpaka akamwaga makaa. Kijana akainama, akashika kofia, mabega yakicheza. Kisha akaenda akainua kizuizi mwenyewe.

"Piteni. Lakini mkirudi nitauliza. Nikikuta bado hakijakaliwa, mama, hizo ni mbao na nakamata."

Kaniha: mgeni rasmi

Tuliingia Kaniha kwa sababu moja tu: kuchukua jenereta la kuazima. Tulimkuta mwenye jenereta kwenye sherehe ya kipaimara cha binti yake, na jenereta lenyewe ndilo lililokuwa likipiga muziki wa sherehe. Akatukaribisha kwa furaha. Akasema tukitaka kuondoka nalo hakuna neno, ila tusubiri mgeni rasmi amalize hotuba. Mgeni rasmi alikuwa bado hajafika.

Nitasema ukweli, chakula kilinipumbaza. Walitupa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, imechemshwa na karanga mpaka ikawa nzito kama sala ya shukrani. Sisi watu wa ndizi huwa tunaidharau mpaka tuionje. Nikarudia sahani. Nikarudia tena. Wakati huo vijana walikuwa wameteremsha kila kitu ili kupata nafasi ya jenereta, na kiti changu kikakaa peke yake uani, kizuri, kipya, bila mwenyewe.

Akina mama wa kamati wakakiona. Walikuwa wamehangaika tangu asubuhi wapi pa kumkalisha mgeni rasmi, maana viti vyote vilikuwa vya plastiki na yeye ni mtu aliyeshiba. Waliamini Mungu amejibu. Nilipotoka jikoni na sahani ya tatu, kiti kilikuwa meza kuu, kimetandikwa kitambaa cha kufuma, na mgeni rasmi, mnunuzi wa pamba mwenye suti ya kijivu, amekishika mikono na kuanza kushuka.

Kushuka kwake kulichukua muda. Hilo ndilo lililoniokoa.

Nilifika nikashika mgongo wa kiti, nikavuta. Yeye alihisi kiti kinaondoka, akashika mikono ya kiti, akavuta upande wake. Tulikuwa watu wazima wawili wenye heshima zetu, tunavutana mbele ya watu mia, na mshereheshaji akaendelea kutangaza: "Na sasa mgeni rasmi anakaa... anakaa... bado anakaa..."

Ukasikika mlio. Mguu mmoja wa nyuma ukapasuka kutoka juu hadi katikati. Hakuna ngumi.

Nikapiga goti, nikaomba radhi, nikaeleza. Yule mzee akajifuta jasho.

"Kwa hiyo, mama, umenizuia kukaa kwa ajili ya mtu ambaye humjui?"

"Ndiyo, mzee."

"Na yeye akija, akianguka?"

Akacheka, akaomba kiti cha plastiki, wakampa viwili, kimoja ndani ya kingine. Katika hotuba yake alisema vijana wa leo hawana msimamo, waje waone wanawake wa Ngara. Hotuba ilikuwa ndefu. Tulilala Kaniha. Asubuhi nikaufunga mguu ule kwa mpira wa baiskeli, nikaukaza kwa meno. Ukitazama kwa mbali kilikuwa kizima. Mimi niliyekifunga nilijua kwamba hakiwezi kubeba hata kikapu cha ndizi.

Nyabusozi: majina ya kujificha

Nyabusozi walitupokea vizuri. Uwanja ulikuwa wa kanisa, watu ni Wasubi, Wazinza, Wahangaza, Wasukuma, na familia za asili ya Rwanda na Burundi zilizofika huko wakati wa misukosuko na sasa zinalima kama sisi. Katekista ndiye aliyekuwa msomaji na mwamuzi mkuu. Ilipangwa kwamba mshindi akisimama, katekista atauliza mara tatu kama kuna amani, akiwa ameinua panga lililochomolewa nusu kutoka kwenye ala, kama Bwana Maji alivyosimulia. Kamati ya Nyabusozi ilikataa panga. Walisema kuna watu uwanjani waliofika huku wakikimbia panga, halichomolewi mbele yao hata robo. Likaletwa pawa la ubwabwa, lile kubwa la sherehe. Deo aliguna kwamba si desturi ya Welisi. Mimi nilisema mpunga nao haulimwi Welisi.

Saa nane mchana katekista akafungua bahasha ya kwanza.

"Huyu anajiita Chui wa Mlimani. Hatumjui ni nani, wala tusijaribu kumjua." Akasoma mstari wa kwanza: "Ni mimi Bonifasi, mwana wa Bikoni, niliyenunuliwa baiskeli kabla ya kaka yangu!"

Bonifasi akasimama pale pale, akapunga mkono. Watu wakashangilia.

"Keti!" akafoka katekista. "Hujulikani!"

Ya pili: Radi ya Asubuhi. Mstari wa kwanza ulimtaja mwenyewe, baba yake, babu yake na fahali wao. Ya tatu hivyo hivyo. Hapo ndipo tulipong'amua. Tumeiga desturi ya watu wanaoficha jina, tukaitia kwenye utungo ambao kazi yake yote ni kutangaza jina. Utajisifuje bila kusema wewe ni nani? Ya Deo, aliyejiita Uzi wa Tisa, ilianza: "Mimi Deo, mvuta nyaya wa Mbuba." Katekista akavua miwani.

"Hata wewe uliyeleta sheria?"

"Nilisahau, baba katekista. Mdomo ulitangulia."

Kisha akafungua ya kwangu.

"Figa Moja," akasema, akasoma. Alikuwa Mhangaza, alisoma vizuri. Kwa Kiswahili ni kama hivi:

*Mtu huyu hana jina la baba wa kumtanguliza.*
*Alihesabu maharage: saba kwa mvulana, saba kwa mtoto,*
*yaliyobaki sufuriani akasema hayapendi.*
*Alihesabu siku za ada na kurasa za daftari,*
*alihesabu pumzi za mtoto mwenye homa mpaka jogoo akawika.*
*Mnaomcheka kwamba alikimbia hesabu,*
*hakuna siku aliyolala bila kuhesabu.*

Mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Sasa huyu ni wa nani?" Hakuna aliyejua. Mimi niliangalia mkono wa Deo. Alikuwa anakaza uzi wa gitaa, na mkono ukasimama kwenye kigingi cha uzi, haukuendelea. Hakugeuka.

Waamuzi wakaenda pembeni, wakarudi.

"Wa pili ni Uzi wa Tisa," akasema katekista, "ambaye hatumjui, yule pale mwenye gitaa. Wa kwanza ni Figa Moja. Wahenga wanasema figa moja haliinjiki chungu, lakini sisi waamuzi tumekula tukashiba. Figa Moja asimame. Nikiita mara tatu asiposimama, kiti ni cha wa pili."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa dhaifu kuliko kote njiani. Deo alikitaka kiti kile. Alikitaka tangu kilipokuwa gogo. Ilinitosha kukaa kimya. Kukaa kimya nakujua, nimekufanyia mazoezi tangu darasa la tano. Angekipata, tungerudi nyumbani tukiimba, na mchezo wetu wa kukimbia hesabu ungeendelea, hakuna ambaye angekula chakula akifikiria maharage. Nikisimama, mchezo umekwisha.

"Figa Moja!"

Watu wakageuza shingo huku na huku. Sesilia alikuwa jukwaani. Alikuwa ananitazama mimi tu, amefunika mdomo kwa kiganja.

"Figa Moja, mara ya pili!"

Nikatazama miguu yangu. Viatu vilikuwa bado na vumbi la kizuizini.

"Figa Moja, mara ya tatu!"

Katekista akakunja karatasi. Ndipo Deo akakishika kipaza sauti, na sauti yake haikuwa nzuri hata kidogo.

"Dada," akasema, "imefika tatu. Hesabu hiyo unaiweza."

Nikasimama.

Sijui nilifikaje mbele. Nakumbuka katekista ameinua pawa juu ya kichwa changu na kuuliza, "Kuna amani?" Uwanja ukajibu, "Amani!" Mara ya pili nikasikia wengine wakijibu "Amahoro!" Mara ya tatu walijibu kila mtu kwa lugha ya kwao, na pawa likashushwa.

"Keti, Figa Moja."

Hapo ndipo nilipoukumbuka mguu.

Nilitamani kumwambia, lakini unawezaje kuwaambia watu wote wale kwamba kiti walichokingoja umekivunja mwenyewe kwa kukilinda? Nikaketi. Yaani niliketi hivi: makalio yaligusa, mapaja yakabeba. Bendi ikapiga wimbo mzima, wa beti sita, na Deo kwa furaha akaurudia. Watu walidhani natetemeka kwa hisia. Mgeni rasmi wa Kaniha, kama alikuwepo akaniona, najua usiku ule alilala usingizi mzuri.

Kurudi

Njiani Sesilia aliegemea bega langu. Method akawa anahesabu nguzo za umeme kwa sauti, kunichokoza, mpaka akapotea kwenye themanini na kitu nikamsahihisha. Deo alikaa upande wa pili wa kiti. Mara moja tu aliuliza, bila kunitazama:

"Kwa hiyo maharage unayapenda?"

"Sana," nikasema.

Kwenye kizuizi yule kijana wa kofia alitutambua kwa mbali. Akafunua shuka.

"Shikamoo, mama. Haya. Kimekaliwa?"

"Marahaba. Kimekaliwa."

Akauona mpira wa baiskeli, akauminya, akatikisa kichwa.

"Aliyekikalia alikuwa mzito kiasi hiki?"

Nilifungua mdomo nimweleze habari ya Kaniha. Deo akaniwahi.

"Alikuwa na watoto wawili mgongoni," akasema.

Kijana akatutazama mmoja mmoja: Deo, Sesilia, kisha mimi. Akarudisha shuka polepole, akaifunga vizuri kuliko tulivyokuwa tumeifunga sisi.

"Basi ni kiti," akasema. "Piteni."